Nafuga Rhodesian Ridgeback Kiwangwa, mwaka wa tisa huu. Ulizeni kabla hamjanunua

ekari_saba (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila wiki nafuatwa pembeni na swali lile lile: mkuu, biashara ya mbwa wa mbegu inalipa? Nimechoka kujibu mmoja mmoja, nafungua uzi. Niko Kiwangwa, mkoa wa Pwani, huku kwenye mananasi. Ekari ni saba ila nimezungushia fensi mbili tu, pesa ndipo ilipoishia. Nina majike wanne na madume wawili, wote Rhodesian Ridgeback, wale wenye mstari mgongoni ambao manyoya yake yanaelekea kichwani wakati mengine yote yanaelekea mkiani.

Jike wangu mkubwa, Shaba, leo ana siku 61 tangu apandwe. Mbwa hubeba siku 63, anaweza kupunguza au kuzidisha kidogo. Kwa hiyo godoro langu liko bandani, simu ina chaji, na usingizi sina. Ulizeni.

Tajiri Mtarajiwa

Mkuu nenda kwenye pointi. Jike mmoja anazaa wangapi na unauza bei gani? Nina kiwanja Chanika kimekaa bure.

ekari_saba

Haya. Wangu huzaa saba hadi kumi kwa mkupuo. Mwenye mstari mzuri namuuza laki sita. Najua unavyozidisha kichwani hapo: mara tisa, mara majike wanne, mara mbili kwa mwaka, tayari unachagua rangi ya gari. Mimi nilizidisha hivyo hivyo nikaacha kazi ya ofisini.

Sasa toa. Jike anaingia joto kila miezi sita hadi minane, ila ukimpandisha kila joto unammaliza. Wangu nawapumzisha baadhi ya joto, na akikaribia miaka sita nastaafisha. Mstaafu haondoki, anakula. Anayenyonyesha watoto tisa anakula karibu mara tatu ya kawaida yake. Watoto wenyewe wiki ya tatu wanaanza uji. Dawa ya minyoo kila wiki mbili, chanjo ya kwanza wakiwa na wiki sita hadi nane, na kabla ya wiki nane hakuna anayetoka getini hata uje na msafara. Mwaka jana kilichobaki mkononi kiliezeka banda na kununua pikipiki kuukuu. Gari bado.

Kiboko wa Ruvu

Kwa hiyo mbwa anakula kuliko mwenye mbwa 😂 Mimi mbwa koko wangu anakula ukoko wa ugali na mwizi hakanyagi.

ekari_saba

Kiboko, sikupingi hata kidogo. Koko wa hapa kwetu ni mbwa aliyechujwa na nchi yenyewe: kupe, njaa na fimbo za watu. Anayebaki hai ni chuma. Ukitaka kengele ya nyumbani, chukua koko, mchanje kichaa cha mbwa, mpe chakula, umemaliza. Ridgeback anakupa mwili na pumzi, mbwa wa kilo 35 hadi 40 anayezunguka fensi usiku kucha bila kelele za ovyo. Lakini kila kupe anayemuuma koko akapangusa, huyu wangu anaweza kulala wiki nzima na homa, damu inamtoka puani, unampa dawa siku 28.

bint_pwani

Kaka, unawapa chakula gani? Mimi nina wawili hapa Mapinga, nawapikia dona na dagaa, ila mmoja alitapika siku tatu akafa, macho yamekuwa ya njano kabisa. Niliambiwa amelishwa sumu na jirani.

ekari_saba

Pole sana dada. Naomba usigombane na jirani kwanza, angalia mahindi.

Mwaka wangu wa pili nilinunua magunia mawili ya mahindi ya bei poa, duka silitaji. Yalikuwa na harufu ya ghala, nikasema aah, ni ya mbwa. Nikasagisha dona. Baada ya siku kama kumi dume akaacha kula, halafu jike. Fizi za njano, weupe wa jicho wa njano, mkojo kama chai ya rangi. Nilizika watatu kwa wiki moja, nikiwa nimeshamtukana kila jirani moyoni. Ilikuwa sumukuvu, sumu ya ukungu kwenye nafaka. Ile ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Mbwa ana ini dhaifu mno mbele ya sumukuvu, na kupika hakuiondoi, hata uchemshe mpaka usiku.

Siku hizi nanunua mahindi ninayoweza kula mimi. Naponda punje chache kwa meno. Ikiwa chungu, gunia linarudi. Napika sufuria kubwa saa kumi na moja alfajiri: mchele wa chenga au dona safi, vichwa na miguu ya kuku, dagaa, maboga yakiwepo. Kitunguu hapana. Mifupa iliyopikwa hapana, inapasuka kama vijiti na kuchana utumbo.

DaktariMifugo_Moro

Nathibitisha. Naona visa vya namna hii kila mwaka mvua zikiharibu mavuno, na karibu wote wanakuja na neno "amelishwa sumu". Ni kweli amelishwa, ila na mwenyewe.

Bint_pwani, njano inaweza pia kuwa homa ya mgunda inayotokana na mkojo wa panya, na hiyo binadamu anaipata. Mbwa wako wa pili apimwe, na wewe vaa glavu unaposafisha.

bint_pwani

Asante daktari. Nimeenda kunusa gunia sasa hivi. Mungu anisamehe kwa maneno niliyomsema yule mama.

mzee_wa_busara88

Assalaam alaykum. Mleta uzi, upo ukanda wa Waislamu. Unaishije na majirani na kundi la mbwa? Udenda wake ni najisi, na malaika hawaingii nyumba yenye mbwa.

ekari_saba

Waalaykum salaam mzee wangu. Swali la haki kabisa.

Mwaka wa kwanza jirani yangu wa upande wa mananasi, mzee wa makamo yako pengine, alikuja getini akasimama mbali akaniambia, "Mwanangu, hao wasije wakagusa ndoo zetu." Hakutukana, ila chai yangu hakunywa. Mimi si Mwislamu, nikaenda kuuliza nieleweshwe. Nikaambiwa Waislamu wa madhehebu ya Shafii wanaosha chombo mara saba, moja kwa udongo, na kwamba mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa kulinda shamba ameruhusiwa. Wa kulala naye kitandani ndiyo habari nyingine. Basi nikahamisha banda, likakaa mita mia moja kutoka njia ya kisimani. Vijana wangu wawili ni Waislamu. Mmoja anapika tu, hagusi mbwa, na hilo tulikubaliana siku ya kwanza.

Halafu ukaja msimu wa nguruwe pori. Walilala kwenye mananasi yake usiku tatu mfululizo. Usiku wa nne mzee akanipigia simu mwenyewe: "Wale watu wako, wanaweza kubweka upande wa huku?" Aliwaita watu. Nikahamishia madume kwenye kamba ndefu mpakani, nguruwe hawakurudi. Chai yangu bado hanywi, ila mwaka huu ameniletea mananasi kumi na mawili.

Kiboko wa Ruvu

"Wale watu wako" nimecheka peke yangu kwenye daladala.

Sasa mkuu, kwa nini usiwaachie wamkamate huyo nguruwe? Si mbwa wa msasi hao?

ekari_saba

Kuwinda bila kibali ni kesi, na sitaki kumueleza hakimu kwamba mbwa alijituma mwenyewe. Wangu hawatoki nje ya fensi bila kamba.

Halafu watu wanasema Ridgeback anaua simba. Haui. Kazi yake zamani huko Rhodesia, Zimbabwe ya leo, ilikuwa kumsumbua simba, wanamzunguka, wanabweka, wanaruka pembeni, simba anasimama kuwatazama, mwenye bunduki anafika. Mbwa aliyejifanya shujaa hakuzaa watoto. Mstari wenyewe ulitoka kwa mbwa wa Wakhoikhoi, wenyeji wa kusini mwa Afrika, wazungu wakachanganya na mbwa wao. Kuna mmisionari aitwaye Charles Helm, wa Hope Fountain karibu na Bulawayo, alikuwa na majike wawili, mwindaji Cornelius van Rooyen akazalisha kutoka hapo. Mwaka 1922 wafugaji wakakutana Bulawayo wakaandika vipimo vya uzao: mstari uanzie nyuma ya mabega, uwe na mizunguko miwili ya manyoya inayotazamana, uishie nyongani.

Ndiyo maana mnunuzi wangu, kabla hajaangalia macho, meno wala miguu, anageuza mtoto na kuangalia mgongo.

Tajiri Mtarajiwa

Na asiyekuwa na mstari?

ekari_saba

Hapo ndipo nilipotaka mfike.

Mstari unarithiwa kwa namna ya kutawala. Mtoto akipata mbegu ya mstari kwa mzazi mmoja tu, anao. Akipata kwa wote wawili anao pia, na kwa macho huwezi kuwatofautisha. Kwa hiyo wazazi wawili wenye mstari, kila mmoja akiwa ameficha mbegu moja isiyo na mstari, wanaweza kukupa karibu robo ya watoto wenye migongo mitupu. Ni mbwa wazima kabisa. Zamani wafugaji wengi waliwaua siku ya kwanza.

Sasa sikia upande wa pili. Mwaka 2007 watafiti wa Sweden walionyesha kwamba mstari unatokana na kipande cha jeni kilichojirudia, na mtoto mwenye vipande viwili, kutoka kwa baba na mama, ndiye mwenye hatari kubwa ya ugonjwa wa kishimo cha ngozi. Ngozi inajikunja ndani wakati wa mimba na kuacha mrija mwembamba unaoshuka kutoka juu kuelekea uti wa mgongo. Mingine mifupi, mingine inafika kwenye utando wa uti wenyewe. Uchafu na manyoya yanaingia, usaha unajaa, na ukifika kwenye uti mbwa anapooza au anakufa kwa maumivu.

Kwa hiyo kile unacholipia laki sita ndicho kinacholeta ugonjwa. Yule unayemkataa, mwenye mgongo mtupu, hana.

Namna ya kukagua: unamshika mtoto shingoni, unainua ngozi kwa vidole viwili, unaisugua taratibu kama unatafuta mfupa kwenye samaki, unashuka hivyo mpaka mkiani. Ngozi nzuri inateleza. Penye tatizo unahisi uzi chini ya ngozi, mgumu kidogo, unavuta kwenda ndani. Ukishauhisi mara moja vidole havisahau.

DaktariMifugo_Moro

Umeeleza vizuri. Naongeza: mrija unaweza kukatwa kwa upasuaji kama ni mfupi, lakini mrija unaofika kwenye uti ni kazi ya mtaalamu na si kila kliniki itathubutu. Na aliyefanyiwa upasuaji asizalishwe kamwe. Mleta uzi, umewahi kufikiria kumpandisha jike mwenye mstari kwa dume asiye nao?

ekari_saba

Daktari, ndiyo nilichofanya. Shaba amepandwa na Kobe, dume wangu mwenye mgongo mtupu. Mahesabu yanasema hakuna mtoto atakayepata vipande viwili, hatari inashuka sana. Mahesabu hayo hayo yanasema karibu nusu wanaweza kukosa mstari, na wateja wawili waliolipa kianzio wameshadai hela zao. Nimewarudishia.

Nimempima Shaba joto. 37.6. Kawaida yake ni 38 na ushee. Likishuka chini ya 37.2 nina kama saa 24 kabla hajazaa.

Mkongo wa Kigoma

Bonsoir wazee. Mimi nimekulia Ituri, huko mbwa wa pori tunaye, Wazungu wanamuita basenji. Habweki. Wawindaji wanamfunga kengele ya mti shingoni ili wasikie yuko wapi. Na jike anaingia joto mara moja tu kwa mwaka. Nikimwambia mtu wa Tanzania hivyo ananiona mwongo.

ekari_saba

Si uongo, mkuu. Ni kweli kabisa, na kwa usiku kama huu namwonea wivu mwenye mbwa asiyebweka.

bint_pwani

Kaka, banda la kuzalia umelitengenezaje? Wangu aliyebaki ni jike.

ekari_saba

Boksi la mbao, futi nne kwa nne, lina ukingo wa ndani wa kama inchi nne ili mama akilala asimbane mtoto ukutani. Wiki ya kwanza mtoto hawezi hata kutetemeka kujipasha moto, boksi liwe na joto la nyuzi 29 hadi 32. Pwani tunabebwa na hali ya hewa, ila usiku wa masika naweka chupa za maji ya moto zilizofungwa taulo.

Na boksi lina miguu. Kila mguu umesimama kwenye kopo lenye mafuta machafu ya gari. Sababu hii hapa.

Mwaka wa tatu, masika. Jike alikuwa Tui, watoto nane wa siku nne. Saa nane usiku nikasikia analia sauti moja nyembamba, haikuwa ya kubweka. Nilipofika nje ya banda nikamkuta amesimama kwenye mvua na mtoto mdomoni, wengine wawili kawalaza kwenye tope. Nikawasha tochi kuelekea boksi. Boksi lilikuwa jeusi na linatembea.

Siafu. Watano walikuwa bado ndani. Niliwabeba kwenye shati, nikawazamisha kwenye ndoo mpaka shingo, nikaanza kuwatoa siafu mmoja mmoja. Mnajua siafu akishauma ukimvuta kiwiliwili kinakatika, kichwa kinabaki kimeng'ata. Walikuwa ndani ya masikio, puani, kwenye kope ambazo hazijafunguka. Kijana wangu yule asiyegusa mbwa alikuja na majivu ya jikoni, akanitazama, akavua kanzu ya kulalia akaifunga kiunoni, akachukua watoto wawili akaanza kuwatoa siafu kwa kucha. Hatukusemeshana mpaka alfajiri. Akaenda kuoga, mara saba, moja kwa udongo kama alivyofundishwa, akarudi kazini.

Wawili walikufa. Sita nikawauza.

Kiboko wa Ruvu

Sina utani hapo. Mpe huyo kijana salamu zangu.

ekari_saba

36.9. Amekataa chakula, anachimba kona. Nitarudi.

Tajiri Mtarajiwa

Nimekaa pale na soda.

ekari_saba

Saa sita na robo wa kwanza. Jike, mgongo mtupu. Saa sita na dakika hamsini wa pili. Dume, ana mstari. Mama anavunja utando mwenyewe, mimi nasugua kwa taulo mpaka walie. Nahesabu makondo ya nyuma, moja likibaki ndani ni shida.

ekari_saba

Wa sita amegeuka, miguu ya nyuma ndiyo imetangulia. Anasukuma dakika ishirini na tano sasa.

DaktariMifugo_Moro

Nimekutumia namba yangu. Piga. Usimvute akiwa hasukumi. Mshike kiunoni kwa kitambaa, vuta kwa upinde kuelekea chini, pamoja na msukumo wake.

ekari_saba

Ametoka. Hakulia dakika tatu. Sasa analia. Asante daktari, kweli.

ekari_saba

Asubuhi njema. Tisa wamezaliwa, tisa hai. Watano migongo mitupu, wanne wana mstari. Mdogo ana gramu 360, mkubwa 510. Shaba amekunywa supu akalala. Nimewapapasa wote mara mbili. Ngozi zinateleza, wote, isipokuwa mmoja wa wale wanne. Shingoni, kama inchi moja nyuma ya masikio. Uzi.

bint_pwani

Si ulisema kwa dume mtupu haitokei?

ekari_saba

Nilisema hatari inashuka, dada. Ameshuka nayo mmoja. Mkupuo uliopita, wazazi wote wawili wakiwa na mstari, walikuwa watatu kati ya wanane.

Tajiri Mtarajiwa

Mkuu usinielewe vibaya. Huyo si unamuuza tu laki mbili? Mnunuzi atajulia wapi?

ekari_saba

Hawezi kujua. Mimi nilifanya hivyo.

Mkupuo wangu wa kwanza kabisa. Nilihisi kitu shingoni kwa mtoto mmoja, sikujua jina lake, na sikutaka kujua. Mnunuzi alikuwa baba mmoja wa Kibaha, alikuja na binti yake wa darasa la tatu, binti akamchagua huyo huyo kwa sababu alimlamba kidole. Niliwatazama wakiondoka. Miezi minne baadaye baba akapiga simu, uvimbe shingoni umepasuka, mbwa hawezi kusimama kwa miguu ya nyuma, daktari anashauri alazwe usingizi wa mwisho. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kama wenzake wako salama, ili awapigie waliowanunua. Nilirudisha hela, akapokea. Binti hakutaka mbwa mwingine.

Huyu wa leo ataenda Morogoro akifikisha wiki nane, daktari aone mrija umefika wapi. Ukiwa mfupi unakatwa, anafungwa uzazi, anabaki hapa. Ukiwa mrefu, nitakuwa naye siku hiyo.

DaktariMifugo_Moro

Mlete. Gharama ya chumba tutaongea.

Tajiri Mtarajiwa

Sawa mkuu. Nimekuelewa.

Basi niwekee mmoja wa migongo mitupu. Jike. Bei gani?

ekari_saba

Laki mbili na nusu, na chanjo yake ya pili juu yangu. Ya kichaa utamchanja mwenyewe akifika miezi mitatu, ofisi ya mifugo ya wilaya. Ila kabla sijapokea hata shilingi nitakuja kuona fensi. Chanika sehemu gani?